Mikono Kazini, Masikio Barazani



Barua ya mwaliko ilinitaka nizungumzie raha ndogondogo na kazi za mikono za nyumbani. Nilijibu upesi, kabla aliyeniandikia hajabadili mawazo, maana ni nadra mtu wa darasani kupewa jukwaa azungumzie mkeka. Mkeka huwa tunaukalia tukizungumzia mambo mengine.

Niseme mapema ninachokitetea, ili anayetaka kunipinga aanze kujiandaa. Kusuka ukili, kudarizi kofia, kusokota kamba ya makumbi na hata kusuka dema ni kazi zinazotuliza moyo kwa sababu moja kubwa kuliko nyingine zote: zinashika mikono na kuuacha mdomo na masikio huru. Anayezifanya anaweza kukaa na watu. Ukizipeleka mahali ambapo mtu hawezi tena kukaa na watu, faraja huondoka, hata kama mkeka unaotoka ni uleule na pengine mzuri zaidi.

Tuanze na ukili wenyewe, kwani najua humu ndani wamo vijana waliolalia mkeka tangu kuzaliwa na hawajapata kuuliza ulikotoka. Mkeka mzuri wa rangi hutokana na ukindu, yaani majani machanga ya mkindu, mti unaopenda mabonde na ardhi yenye maji. Hukatwa yakiwa bado yamefumba, yakafumuliwa na kuanikwa juani mpaka yakawa meupe. Jamvi la kazi ngumu, kama yale yanayoanikiwa karafuu kule Pemba, hutaka miyaa, majani ya mkoche, ambayo hayana ulaini lakini yanavumilia. Jani huchanwa kwa ukucha au ncha ya kisu likatoka chane nyembamba. Hapo ndipo mzoefu anapojulikana: chane zikipishana upana, ukili unakwenda mrama, na mwenye macho atakwambia tangu mbali kwamba huu umesukwa na mwari anayejifunza. Za rangi huchemshwa. Zamani nyeusi ilipatikana katika mizizi ya mdaa, na umanjano katika manjano yenyewe ya jikoni. Siku hizi ni rangi ya unga ya dukani, inayochemshwa katika sufuria ambayo, kwa nyumba yenye busara, haipikiwi tena.

Kisha chane hupishanishwa juu na chini, ukili ukarefuka, na msukaji akawa anaukunja kadiri unavyozidi. Hupimwa kwa pima, kipimo cha mikono miwili iliyonyooshwa. Ukishatosha, hukatwa vipande, vipande vikashonwa ubavu kwa ubavu kwa shazia, na fundi hasa hukushonea usione alipopitisha uzi.

Katika hatua zote hizo nawaomba mtazame moja tu, ile ya kusuka. Kuchana kunataka macho. Kupika rangi kunataka moto, na watoto wafukuzwe. Kushona kunataka mwanga na mgongo ulio mzima. Lakini kusuka, kwa aliyezoea, hakuombi kitu. Vidole vinajua njia. Umeme ukikatika, na unakatika, msukaji anaendelea gizani kama kwamba halikutokea jambo. Mtoto akilia anainuka, mchuzi ukitokota anakwenda kuuonja, mgeni akibisha anafungua mlango, kisha anarudi na kuuokota ukili palepale alipouacha. Chane ikiisha, anachomeka nyingine. Hakuna mwanzo wala mwisho unaomsubiri kwa hasira.

Sifa hiyo ya kukatika na kuungika naiona kubwa kuliko tunavyoisifu. Maisha ya mwanamke wa nyumbani yamekatwakatwa na mahitaji ya watu wengine tangu alfajiri. Kazi inayodai saa tatu za utulivu usioguswa haimfai, hana saa hizo. Ukili unakubali robo saa. Unakubali dakika ambazo wali unakauka. Na jioni dakika hizo zilizookotwa huku na huku zinaonekana kwa macho, zimekunjwa pembeni, na kesho zitaongezwa. Mwanafunzi mmoja aliwahi kuniuliza kama raha hiyo si sawa na ya simu, ambayo nayo huokotwa na kuachwa. Nikamwambia simu inakula macho. Watu wanne wanaosuka pamoja wanaweza kusimuliana habari ya mtaa mzima; watu wanne wenye simu hukaa pamoja kila mmoja akiwa kwake.

Tena kuna jambo la macho ambalo wazee wetu walilijua bila kulisomea. Maneno mazito hayasemeki vizuri watu wakitazamana. Mama anayetaka kumuuliza bintiye kama ndoa inamtesa hawezi kumkalisha mbele yake kama hakimu; binti atasema "niko salama, mama" na kufunga mlango. Wape ukili wote wawili. Macho yatakuwa kwenye chane, maneno yatapita pembeni, na pale neno litakapokuwa zito mno, mtu anaweza kunyamaza akasuka bila yeyote kuona kuwa amenyamaza. Nimeona mashemeji waliogombana wakirudiana hivyo. Hakuna aliyeomba radhi kwa kinywa. Mmoja alichana, mwenziwe akapokea chane.

Na sipasahau penye msiba. Kwa Waislamu wa pwani, mjane hukaa eda miezi minne na siku kumi. Siku za mwanzo nyumba imejaa. Wanaohani wanaingia na kutoka, mikeka imetandikwa mpaka uani, kahawa haikauki. Khitma ikishasomwa, watu hurejea kwenye shughuli zao, nao hawana lawama. Mjane hubaki na siku nyingi ambazo hazina umbo. Jirani anayekuja alasiri naye hajui aseme nini, pole zote amekwisha zitoa. Nimewaona majirani wa namna hiyo wakija na kitita cha ukindu kwapani. Hawakuja kumfariji mtu, ukiwauliza. Wamekuja kusuka, na hapa pana kivuli. Mjane naye huokota chane chache kwa kuwa mikono imechoka kukaa bure. Atazungumza akitaka, asipotaka, kuna kazi. Kwa hiyo mgeni anapata sababu ya kuja kila siku bila kuonekana anamlinda mtu, na mwenye msiba anapata sababu ya kumvumilia mgeni. Sijapata kusikia mtaalamu wa ushauri nasaha aliyepanga kikao kwa ustadi wa kiasi hicho, ingawa nawaheshimu wataalamu hao na humu ndani wamo.

Msije mkadhani haya ni mambo ya kina mama peke yao. Nenda Nungwi au kijiji chochote cha wavuvi pepo zinapokuwa mbaya, uwatazame wanaume chini ya mti wakisuka dema, mtego wa samaki wenye matundu ya pembe sita, au wakiziba nyavu zilizochanika. Utasikia kicheko kabla hujawaona. Pepo zikigeuka, kila mmoja atakuwa amekwisha ambiwa anayohitaji kuambiwa, kuhusu deni lake na kuhusu mwanawe anayeanza kuharibika. Kofia ya mkono nayo, ile ya viua, yenye vitundu vidogovidogo vilivyozungushiwa uzi kimoja kimoja, inaweza kumchukua mdarizi miezi. Hiyo inataka macho, nakubali, na ndiyo maana hufanywa mchana. Lakini masikio ya mdarizi yapo barazani, na mara nyingi yeye ndiye anayekumbuka vizuri kuliko wote nani alisema nini.

Wapo wanaotaka ushahidi wa hospitali ndipo waamini, na kwa bahati ninao. Vita Vikuu vya Kwanza vilipowarudisha askari wakiwa wamevunjika viungo na akili, hospitali za Uingereza na Marekani ziliwapa, pamoja na dawa, kazi za mikono, na mojawapo iliyopendwa sana ilikuwa kusuka vikapu. Mwaka 1917, katika mji mdogo wa Clifton Springs, jimbo la New York, watu wachache, miongoni mwao msanifu majengo George Barton aliyekuwa mwenyewe ameugua sana, waliunda chama cha kuieneza tiba hiyo. Ndicho chanzo cha taaluma ambayo leo ina wahitimu wake na vyuo vyake dunia nzima. Lakini tazameni ulimwengu ulivyo: huko huko Marekani, wanapotaka kulidhihaki somo la chuo kikuu lisilo na uzito, husema ni somo la kusuka vikapu. Wakiwa wagonjwa ni tiba, wakipona ni mzaha. Nasi tusiwacheke, kwa sababu hapa petu mtu husema "anasuka ukili tu nyumbani" akimaanisha hana kazi.

Sasa nije kwenye fedha, ambako najua wengi mnanisubiri.

Kuanzia miaka ya 1980, uchumi ulipobadilishwa na mishahara ikawa haifiki mwisho wa mwezi, kila kilichotoka mkononi mwa mwanamke kilipewa jina jipya, mradi. Ukili ukawa mradi. Kashata ikawa mradi. Sina ugomvi na hilo kwa msingi wake. Ukili haukuwahi kuwa mchezo wa watu walioshiba. Katika karne ya 19 mikono iliyosuka majamvi ya visiwa hivi ilikuwa pia mikono ya watumwa, ambao hawakuulizwa kama wanastarehe. Na baada ya sheria ya 1897 kuuondolea utumwa hadhi yake Unguja na Pemba, mkeka uliendelea kuwa njia ya mwanamke asiye na shamba kupata senti. Tena senti yake mwenyewe. Kwa sheria ya Kiislamu mali ya mke ni ya mke, na mume hana haki ya kuuliza fedha ya ukili imekwenda wapi. Nadhani nusu ya utulivu tunaouona kwenye uso wa bibi anayesuka unatokana na kujua hilo. Anayewasimulia watu habari za raha ya kazi za mikono akaacha habari ya mkoba uliofichwa chini ya godoro, huyo hajasimulia.

Tatizo linaanzia kwingine. Chukueni vijiji vya mashariki ya Unguja, Paje, Bwejuu na Jambiani. Huko wanawake walikuwa na kazi ya makumbi. Hufukia makumbi ya nazi kwenye mchanga wa pwani ambao maji yanaufunika na kuufunua, kila mmoja ana shimo lake na mawe yake ya alama, na huyaacha humo kwa miezi. Yakishaoza nyama, hufukuliwa, hupigwa kwa mti mpaka ukabaki usumba mtupu, na usumba husokotwa kwa viganja ukawa kamba. Kupiga makumbi ni kazi ngumu, inanuka, na sitaki kuisifu. Lakini kusokota hufanywa kivulini, wengi pamoja, na hapo ndipo palipokuwa na baraza la kina mama la kijiji.

Mwaka 1989 ukaingia ukulima wa mwani kwa ajili ya kuuza nje, kwa mbegu zilizotoka Ufilipino. Mwani ulileta fedha ambazo kamba haikupata kuzileta. Mabati yaliezekwa, watoto walivalishwa sare, na wanaume waliokuwa wamekunja uso walikunjua. Wanawake wengi waliacha kamba, wakapunguza ukili. Ningekuwa mimi ningeacha pia. Lakini mwani huwezi kuuokota na kuutua. Bahari ndiyo inayopanga saa. Bamvua likifika, maji yakipwa mbali, ni lazima uwe huko, umeinama, miguu ndani ya maji ya chumvi, jua kichwani, unafunga vipando kwenye kamba kwa vijikamba, kila mtu kwenye mstari wake. Mnaonana kwa mbali na kuitana kwa sauti. Kuzungumza jambo la ndani haiwezekani, labda wakati wa kwenda na kurudi. Baadaye bahari ilipozidi joto, ile aina ya mwani yenye bei nzuri ikaanza kuoza na kufa, na waliokuwa wameiegemea wakajikuta wanafikiria upya. Wengine sasa wanatengeneza sabuni ya mwani. Hao nimewaona wakikata miche ya sabuni meza moja, na nilipowasikia wanavyochekana nilijua kwamba baraza limepata nyumba mpya.

Kwa hiyo kipimo changu ni rahisi, na nimekipata kwa hao wa sabuni: je, kazi hii inaruhusu mazungumzo? Mradi unaoruhusu, ubarikiwe. Ninaowalaumu ni wale wanaofika kijijini na daftari la mahudhurio, wanaowakalisha wasukaji kwa safu kama mtihani, wanaodai mikoba yenye kipimo kimoja ndani ya wiki mbili kwa ajili ya mteja wa mbali, wanaukataa uliopinda kidogo, kisha wanaandika ripoti kwamba wamewawezesha wanawake na kuhifadhi utamaduni. Wasukaji hao hupata fedha, kidogo. Jioni hawataki kuuona ukindu.

Mtaniuliza Rwanda, na mna haki. Baada ya mauaji ya kimbari ya 1994, wanawake Wahutu na Watutsi, wajane kwa wake za waliofungwa, walikaa pamoja kusuka agaseke, kikapu chenye kifuniko cha ncha, ambacho tangu 2001 kimo katika nembo ya taifa. Kuanzia 2005 vikapu hivyo viliuzwa katika maduka ya Macy's huko Marekani, vikaitwa vya amani. Hapo soko lilikuwa kubwa, tena la mbali, na faraja haikufa. Kwa maoni yangu haikufa kwa sababu soko lilikuwa kisingizio. Mwanamke asingekubali kumkalia karibu mke wa aliyemuulia mumewe ili "wapatane". Kusuka ili walipwe, hilo lilikuwa linasemeka. Fedha iliwapa wote sababu ya kukaa, kama ukindu unavyompa jirani sababu ya kwenda kwa mjane. Hivyo simkatai mnunuzi wa ng'ambo. Namuomba tu asiwe na haraka.

Kuhusu shule nitapita haraka, kwani nikikaa hapo nitakasirika. Elimu ya Kujitegemea ya 1967 ilikuwa na nia njema: shamba na karakana ziingie shuleni, msomi asiidharau mikono. Kilichotokea katika shule nyingi ni kwamba jembe likawa adhabu ya mchelewaji, na mtoto akajifunza barabara kwamba kazi ya mikono ni malipo ya kosa. Baadaye stadi za kazi ikawa somo la kusomwa kitabuni, na mtoto aliweza kulifaulu kwa kuweka herufi sahihi kwenye mabano pasipo kushika chane wala sindano. Kama kuna anayepanga mitaala hapa, ombi langu ni dogo mno: mlete bibi darasani, mpe kiti na chai, msimpe ratiba, na msimwombe atoe alama.

Wapo pia watakaosema mkeka wa plastiki umemaliza mjadala wote huu. Ni mwepesi, hauogopi maji, unafutika kwa kitambaa. Ninao nyumbani na sioni haya. Mtu anayetandika hana deni kwa anayesuka. Mkeka wa plastiki unachukua nafasi ya mkeka wa ukindu sokoni tu. Ule muda wa barazani haujaletewa cha plastiki bado. Kinachonitia wasiwasi zaidi ni mkindu wenyewe. Kichipukizi kinachokatwa ndicho jani la kesho, na mti unaokatwa kila mara hudumaa. Mabonde yanalimwa, yanajengwa. Msitu wa Jozani, ambao tangu 2004 ni sehemu ya hifadhi ya taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka, una sheria zake za kuvuna, na ni lazima ziwepo. Wasukaji nao wana haki ya kuuliza wapeleke wapi mikono yao. Kupanda mkindu nyuma ya nyumba, penye bonde dogo au mfereji wa maji ya kuogea, kunawezekana kabisa, na wako waliokwisha anza. Idara ya misitu ikigawa miche ya mikaratusi, inaweza kugawa na ya mkindu.

Mwenyekiti ananionyesha saa, nami nimezungumza muda ambao mwenzangu mmoja hapa mbele angekwisha maliza pima nzima. Nimemuona ameutoa ukili mkobani tangu niliposema habari ya kofia, na sijapata kusikilizwa vizuri zaidi. Maswali yaje. Ya nadharia niulizeni mimi. Ya bei ya kitita cha ukindu mwezi huu, na wapi haujachanganywa na uliokomaa, muulizeni yeye.